Makala zetu za lugha zinavyorudi kutoka majarida ya kimataifa: ninayoyaona nikiwa Dodoma

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu.

Nafundisha isimu katika chuo kimoja hapa Dodoma, na kwa miaka kadhaa wenzangu wamekuwa wakinipa rasimu zao nizisome kabla hawajazipeleka kwenye majarida ya nje. Nimefungua uzi huu kwa sababu katika idara zetu habari ya makala kukataliwa huzungumzwa kwa sauti ya chini, kana kwamba ni aibu ya mtu mmoja, na mwenye makala huondoka akiamini kwamba ameangushwa na Kiingereza chake. Nilivyoona mimi, Kiingereza ni sehemu ndogo. Makala zetu nyingi hurudi kwa sababu mhariri anapomaliza ukurasa wa pili bado hajui ni swali gani linalojibiwa. Swali hilo hatukuliweka kwa sababu hatukupata kusoma mambo ambayo wanaisimu wengine wanayabishania, na hatukuyasoma kwa sababu yamefungiwa nyuma ya malipo ambayo maktaba zetu haziyamudu. Ni mnyororo mmoja, nami nitaueleza kuanzia kwenye pingili iliyoniumiza mwenyewe.

Mwaka 2014 nilikaa Kondoa majuma sita nikikusanya data za Kirangi. Nilirudi na madaftari manne na rekodi nyingi za sauti, nikaandika makala juu ya njeo, yaani nyakati za kitenzi, kila njeo na mifano yake, kila mfano na jedwali lake. Niliituma kwenye jarida moja la Ulaya. Ilirudi baada ya siku tisa bila hata kufika kwa wapitiaji, yaani wataalamu wanaomshauri mhariri, na maelezo ya mhariri yalikuwa sentensi mbili tu: kwamba data zinavutia, na kwamba makala haina hoja. Niliumia, nikaifungia kabatini zaidi ya mwaka mzima.

Nilichokuja kukielewa baadaye ni kwamba hoja ilikuwamo, imelala ukurasa wa 14, nami sikuiona. Katika lugha za Kibantu kitenzi kisaidizi kwa kawaida hutangulia kitenzi kikuu, kama tunavyosema kwa Kiswahili "alikuwa analima". Kirangi nacho hufanya hivyo katika njeo nyingi, lakini katika njeo mbili za wakati ujao kitenzi kikuu hutangulia na kisaidizi hufuata nyuma yake. Kisha, ukiuliza swali au ukitumia kishazi rejeshi, mfuatano hurudi kuwa ule wa kawaida. Kimbugwe cha upande wa Babati nacho kina tabia ya namna hiyo. Tangu Joseph Greenberg alipochapisha orodha yake ya majumui ya lugha, yaani tabia zinazoonekana katika lugha nyingi duniani, mwaka 1963, wanaisimu wamekuwa wakichunguza uhusiano uliopo kati ya nafasi ya yambwa (kinachotendwa) na nafasi ya kitenzi kisaidizi, na imeonekana kwamba lugha ambazo yambwa hufuata kitenzi huelekea kutanguliza kisaidizi. Kwa hiyo wazee wa Kondoa waliokuwa wakinijibu kwa upole chini ya mti walikuwa wakitamka jambo ambalo ni nadra sana duniani, na mimi nililiandika katika safu ya tatu ya jedwali kama jambo la kawaida, kwa sababu sikuwa nimeusoma mjadala ambao ndani yake jambo hilo lina uzito.

Mbaya zaidi, tasnifu ya uzamivu juu ya nafasi ya kitenzi kisaidizi katika Kirangi ilikuwa imekwisha kuwasilishwa London mwaka 2012. Miaka miwili kabla ya safari yangu! Mhariri yule bila shaka aliijua. Mimi niliyeishi kilomita 160 hivi kutoka Kondoa sikuijua.

*Muendelezo*

Naomba niliseme kwa kirefu jambo la kusoma, maana hapa ndipo wenzetu wa nje hawaoni tunavyohangaika.

Eneo letu la kati ni tajiri kupita kiasi kwa mwanaisimu. Ukichora duara kuanzia Kondoa kupitia Chemba, Singida, Hanang hadi Ziwa Eyasi utakuta Kirangi, Kinyaturu na Kinyiramba ambazo ni za Kibantu. Kiburunge, Kialagwa na Kiiraqw ambazo ni za Kikushi. Kidatooga ambacho ni cha Kiniloti. Halafu Kisandawe na Kihadza zenye sauti za kidoko, ambazo uhusiano wake na lugha nyingine bado unabishaniwa. Ni vigumu kupata mahali pengine Afrika ambapo makundi yote haya yanapakana kwa ukaribu wa namna hii. Mtu angetegemea kwamba maktaba za Dodoma ndizo zingekuwa za kwanza kuwa na kila kilichoandikwa juu ya lugha hizi.

Hali ni kinyume. Sarufi ya Kiburunge ilichapishwa mwaka 1994 kwa Kijerumani. Kazi ya Otto Dempwolff juu ya Wasandawe, ya mwaka 1916, nayo ni ya Kijerumani. Sarufi ya Kiiraqw ya Maarten Mous, ya mwaka 1993, iko kwa Kiingereza, lakini ilichapishwa Ujerumani, na nakala yake ni lazima uitafute. Mpitiaji anapokuandikia kwamba "mwandishi hajazingatia kazi zilizotangulia", mara nyingi anasema kweli, ila hajui kwamba kuzingatia huko kunamtaka mhadhiri wa Dodoma ajifunze Kijerumani, au amwombe rafiki aliyeko masomoni nje ampigie picha kurasa 40 kwa simu. Mimi nimeomba picha hizo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Kuna mlango mmoja ambao wengi wetu hatuugongi. Mpango wa Research4Life, ulioanza mwaka 2002 kwa majarida ya afya na kupanuka baadaye kwenye nyanja nyingine, huzipa taasisi za nchi kama yetu ruhusa ya kusoma majarida ya wachapishaji wakubwa bure au kwa bei ndogo. Nendeni kwa wakutubi wenu mkaulize chuo chenu kimejiandikisha namna gani na nywila iko kwa nani. Nilifundisha miaka minne kabla sijauliza swali hilo.

*Mchangiaji kutoka Singida ameandika:*

"Mwalimu, shikamoo. Nimekusoma kwa makini, lakini naona umeipunguza mno habari ya Kiingereza. Mimi shahada zangu mbili nilizisoma katika Idara ya Kiswahili na tasnifu niliandika kwa Kiswahili. Nilipojaribu kuandika makala kwa Kiingereza, mpitiaji mmoja alishauri nimtafute mzawa wa lugha hiyo aisahihishe. Nililipa pesa ikasahihishwa, na bado ilikataliwa."

*Jibu:*

Marahaba, ndugu yangu, na pole. Maelezo yako yananisaidia kulisema jambo hili vizuri zaidi, maana hapo hapo umetaja ushahidi wenyewe: lugha ilisahihishwa na makala ikarudi.

Ugumu ulioukuta ni wa istilahi na mapokeo ya taaluma. Sisi tuliosoma isimu kwa Kiswahili tuna nyumba iliyokamilika: tuna kiima na kiarifu, tuna shamirisho na chagizo, tuna yambwa tendwa, yambwa tendewa na yambwa ala. Mtu akichukua kila neno na kulitafutia mwenzake wa Kiingereza katika kamusi, atapata makala ambayo kila sentensi yake ni sahihi na bado haisomeki, kwa sababu mipaka ya dhana haikukatwa mahali pamoja. Shamirisho kwa mfano, katika vitabu vyetu vya sarufi, hubeba mambo ambayo wanasintaksia (wachambuzi wa muundo wa sentensi) wa leo huyatenganisha katika mafungu mawili au matatu, na mpitiaji akiona fungu moja huanza kushuku kwamba mwandishi hajui tofauti. Wenzetu wa fasihi wanapata shida hiyo hiyo na mgawanyo wa fani na maudhui, ambao tumelelewa nao tangu sekondari. Makala iliyopangwa kwa kuorodhesha dhamira, kisha wahusika, kisha matumizi ya lugha, kwetu ni makala yenye nidhamu. Kwa mhariri wa nje ni orodha isiyo na dai. Msahihishaji wa Kiingereza hawezi kuligusa hilo hata umlipe mara mbili.

Na kuna dogo la kiufundi ambalo linarudisha makala nyingi: mifano kutoka lugha zetu ni lazima ichanganuliwe mofimu kwa mofimu, yaani kila kipande cha neno chenye maana, mstari chini ya mstari, kwa utaratibu unaojulikana kama kanuni za Leipzig. Zinapatikana bure mtandaoni na ni kurasa chache. Kaeni nazo siku mbili.

*Mchangiaji mwingine ameandika:*

"Ndugu mleta uzi, mimi ni mhadhiri msaidizi. Nahitaji machapisho ili nipande cheo, na jarida la kweli linaweza kukaa na makala yangu mwaka mzima kabla ya kunijibu. Wakati huo huo napokea barua pepe kila wiki za majarida yanayoahidi kuchapisha ndani ya siku saba kwa dola 100. Usitulaumu bure tunaokwenda huko."

*Jibu:*

Sikulaumu, na nimeshawahi kukaa na mwenzangu aliyelia kwa sababu ya majarida hayo. Alikuwa na utafiti mzuri sana juu ya lugha ya mnadani, wa miaka mitatu, akautuma kwenye jarida la namna hiyo kwa sababu muda wa kuomba kupanda daraja ulikuwa umebaki miezi miwili. Ulichapishwa katika siku sita. Kamati ya kupandisha vyeo ikalikataa jarida lenyewe, na alipotaka kuipeleka makala kwingine akaambiwa imekwisha kuchapishwa. Utafiti wa miaka mitatu ukapotea hivyo, na wale wafanyabiashara wa mnadani waliompa saa zao hawatasomwa na mtu yeyote. Hilo ndilo linaloniuma kuliko cheo.

Mkutubi Jeffrey Beall wa Marekani aliwahi kuweka mtandaoni orodha ya majarida laghai, lakini aliifunga Januari 2017, kwa hiyo msitegemee kwamba kuna orodha moja ya kuwaokoa. Angalia kama jarida limo katika orodha ya DOAJ, iliyoanzishwa mwaka 2003 kwa ajili ya majarida ya wazi, yaani yanayosomwa bure. Soma makala tatu za toleo la mwisho uone kama ungejivunia kukaa jirani nazo. Waandikie wajumbe wawili wa bodi ya uhariri uwaulize kama wanajua kwamba majina yao yamo. Jarida linalokusifu kabla halijasoma makala yako, likakuita "mtafiti mashuhuri" katika barua ya kwanza, lifute.

Ama kuhusu ada kwa jumla, wengi wanaamini kwamba kila jarida la kimataifa hudai dola 2,000 au 3,000. Bei hizo zipo, na jarida la sayansi la Nature lilitangaza mwaka 2020 ada ya yuro 9,500 kwa makala moja ya wazi. Lakini katika isimu na fasihi majarida mengi ya zamani bado hayamtozi mwandishi chochote iwapo atakubali makala isomwe na waliolipia. Ada huja pale tu unapotaka iwe wazi kwa wote. Majarida kadhaa pia huachilia ada kwa waandishi wa nchi zetu wakiombwa, na inafaa kuomba kabla ya kutuma, kwa barua fupi isiyo na unyonge. Kuna pia njia zilizojengwa na wanaisimu wenyewe baada ya kuchoshwa na wachapishaji wakubwa: bodi ya uhariri ya jarida la Lingua ilijiuzulu yote mwaka 2015 ikaanzisha Glossa, na Language Science Press ya Berlin huchapisha vitabu vya isimu ambavyo msomaji wa Mpwapwa anaweza kuvipakua bure leo jioni.

*Mchangiaji wa tatu ameandika:*

"Kwa heshima zote, naona mnajitesa. Kiswahili kina majarida yake. Kwa nini mhadhiri wa Kiswahili aombe ruhusa ya mtu wa Ulaya ili aeleze lugha yake mwenyewe?"

*Jibu:*

Swali lako ni zito na sitaki kulijibu haraka.

Jarida la Kiswahili la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lina mizizi inayorudi hadi mwaka 1930, katika taarifa za Kamati ya Lugha ya wakati wa ukoloni, kwa hiyo ni la zamani kuliko majarida mengi ya isimu yanayoitwa ya kimataifa. Swahili Forum, linalotoka Ujerumani na kusomwa bure mtandaoni, hupokea makala zilizoandikwa kwa Kiswahili tangu miaka ya 1990. Kwa kigezo chochote cha haki, makala juu ya unyambulishaji wa kitenzi cha Kiswahili, iliyoandikwa kwa Kiswahili na kupitiwa na wataalamu wa Kiswahili walioko Dar es Salaam, Eldoret na Leipzig, ni makala ya kimataifa. UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani, mwaka 2021, iliikubali hoja hiyo kwa upande wa lugha. Kwa upande wa taaluma bado.

Shida iko kwenye mizani. Faharasa, yaani orodha kubwa za majarida, kama Scopus iliyoanza mwaka 2004, ndizo zinazotumiwa kupima jarida lipi lihesabiwe, nazo zimejaa majarida ya Kiingereza. Chuo kinachotaka kupanda katika orodha za ubora kikizifuata faharasa hizo peke yake, mhadhiri wa Kiswahili huadhibiwa kwa kuandika kwa lugha anayoifundisha. Hili naliona kuwa ni kosa letu wenyewe tulio katika kamati za vyuo, maana hakuna mtu wa Ulaya aliyetulazimisha kulipatia jarida la Kiswahili lenye mapitio makini uzito mdogo kuliko jarida la nje ambalo hatujalisoma. Na hilo linaweza kubadilishwa hapa hapa nchini.

Pamoja na hayo sikubali kwamba tujifungie. Mpitiaji wa jarida la nje anapomwuliza mwandishi "jambo hili linatufundisha nini kuhusu lugha kwa jumla", swali lake ni halali, hata kama limeulizwa na mtu asiyeijua Kondoa. Kinachonisumbua ni kwamba swali hilo huulizwa kwa upande mmoja tu. Mtafiti wa Kiingereza haambiwi aeleze kwa nini Kiingereza kinastahili kuchunguzwa. Mtafiti wa Kisandawe huanza kila makala kwa aya mbili za utambulisho, ramani, idadi ya wasemaji na utetezi, na aya hizo zinakula nafasi ya hoja.

*Mchangiaji wa nne ameuliza kuhusu ridhaa na vibali.*

Nitajibu kwa ufupi. Barua ya chuo, kisha ofisi ya mkoa, kisha wilaya, kisha mtendaji wa kata na wa kijiji: njia hiyo mnaijua, na ukiwa na subira haina tatizo. Tatizo jipya ni kwamba majarida sasa yanataka uthibitisho kwamba watoa taarifa waliridhia. Nilipokwenda Farkwa kwa Wasandawe, mzee mmoja alinieleza hadithi kwa siku mbili kwa moyo mweupe, lakini nilipotoa fomu atie dole gumba alinyamaza, akaiangalia, akaniuliza kama ile karatasi inahusu shamba. Nilijifunza siku ile kurekodi ridhaa kwa sauti, kwa lugha yake, mbele ya mjukuu wake, na kumwandikia mhariri maelezo ya kwa nini nilifanya hivyo. Mhariri alikubali bila mjadala. Waelezeni, mara nyingi wanaelewa.

*Mchangiaji kutoka Bahi ameandika:*

"Mwalimu, nimefuatilia uzi wote. Nimekusanya majina ya watu zaidi ya 400 katika vijiji vitatu vya Wagogo, na maana zake. Makala imerudi mara mbili. Wahariri wote wawili wamesema ni orodha. Nifanyeje?"

*Jibu:*

Ndugu yangu, usiitupe. Nimesoma rasimu uliyonitumia jana na ninaomba nikuulize jambo ambalo halimo ndani yake: watu hao walizaliwa lini?

Nauliza kwa sababu vijiji vyako vitatu viko katika eneo lililopitiwa na Operesheni Dodoma ya mwaka 1970 na 1971, ambapo familia zilizokuwa zikiishi mbalimbali, kila kaya na mifugo yake, ziliwekwa pamoja katika vijiji. Mtoto aliyezaliwa kabla ya hapo alipewa jina na ukoo uliokuwa peke yake. Aliyezaliwa baada ya hapo alipewa jina huku majirani wapya wakisikia, na shule na zahanati zikiwa karibu. Je, majina yanayotaja mvua, njaa, ugomvi wa ndugu au jambo lililotokea siku ya kuzaliwa yalipungua, yalibaki vile vile, au yalihamia kuwa jina la pili la nyumbani ambalo mwalimu wa shule hakuliandika? Sijui jibu, na wewe ndiye mwenye madaftari. Ukipanga majina yale yale 400 kwa miaka ya kuzaliwa badala ya kuyapanga kwa maana, utaona mara moja kama kuna badiliko, na iwe lipo au halipo utakuwa na jambo la kumwambia msomaji ambaye hajawahi kuisikia Bahi: namna watu wanavyoita watoto wao wanapohamishwa mahali pa kuishi. Watafiti wa majina wa nchi nyingine walio na historia za kuhamishwa watataka kulisoma.

Rudi vijijini kwa wale ambao hukuandika umri wao. Ukimaliza, andika ikisiri (muhtasari wa makala) mpya isiyozidi maneno 150, sentensi ya kwanza ikiwa swali lenyewe, uiweke hapa kwenye uzi ili sote tuisome kabla haijaenda popote.